Pro Git ikisomwa Nanyala: kitabu kizuri, mlango mbaya

Kuna kitabu ambacho karibu kila anayeanza kuandika programu huambiwa akisome, na wengi hawafiki katikati. Kinaitwa Pro Git. Toleo la kwanza aliliandika Scott Chacon likatoka 2009. La pili aliliandika pamoja na Ben Straub, likatoka 2014. Ni cha bure kabisa. Unakipakua kikiwa PDF, unakiweka kwenye simu, unamrushia na mwenzako. Kinafundisha Git, programu ya kutunza matoleo ya nyuma ya kodi yako ili ukiharibu leo uweze kurudi jana.

Nataka kukisoma hapa kwa macho ya kijana wa Nanyala, huku Mbozi mkoani Songwe: laptopu yake imetumika na watu wawili kabla yake, bando ananunua la siku, na umeme ukikatika hapigiwi simu ya kuombwa radhi. Kitabu kinajua vizuri kwamba Git ni kitu cha kwenye mashine yako mwenyewe. Tatizo ni sisi tunaofundisha. Tumewaingiza watu kupitia mlango wa GitHub, yaani mlango wa intaneti, na sasa vijana wanaokihitaji zaidi chombo hiki ndio wanaoamini si chao.

Kabla sijaendelea, neno "kodi". Wataalamu wa lugha wanatupa "msimbo", na ni neno zuri. Ila vijana ninaoongea nao wanasema kodi, na nitawafuata wao, japo najua ukisema "nimepoteza kodi yangu yote" pale mpakani Tunduma watu watakupa pole ya TRA.

Mradi_mwisho_kweli

Fungua laptopu ya yeyote anayejifunza programu. Utakuta mradi.py, mradi2.py, mradi_mpya.py, mradi_mwisho.py, mradi_mwisho_kweli.py, na pembeni kabisa mradi_mwisho_kweli_USIGUSE.py. Video nyingi za mafunzo huanza kwa kumcheka huyu mtu. Pro Git nayo inaanzia hapo hapo, sura ya kwanza: inasema njia ya wengi ni kunakili mafaili kwenye folda nyingine, pengine folda yenye tarehe kama mwenyewe ni mjanja, na kwamba njia hiyo ni rahisi lakini inakaribisha makosa. Halafu inapita. Aya moja tu, tumeshahamia kwenye hifadhidata na seva.

Mimi ningekaa hapo kidogo, kwa sababu aliyeandika USIGUSE si mjinga. Amegundua peke yake, bila mwalimu, kwamba kodi inayofanya kazi leo inaweza isifanye kazi kesho, na kwamba ukiwa huna pa kurudi unaogopa hata kujaribu. Hilo la woga ndilo kubwa. Mtu anayejifunza anatakiwa aharibu vitu, tena aharibu sana. Asiye na toleo la nyuma hujifunza kwa kunyata.

Alichokosa ni sababu. Majina yale hayasemi nini kilibadilika wala kwa nini. Baada ya wiki mbili, "mpya" na "kweli", lipi lilitangulia? Kuna jambo ambalo kitabu hakisemi nami nitalisema: kama programu yako ni faili moja la mistari arobaini, nakala yenye tarehe inatosha kabisa. Andika malipo_2025-03-14.py, mwaka mbele, mafaili yatajipanga yenyewe. Usione aibu. Shida inaanza siku programu inapokuwa na mafaili matatu yanayotegemeana, unanakili moja na mawili unayasahau, halafu ukirudi nyuma unakuta kichwa cha Machi kimevaa miguu ya Mei.

Na tusidhani ni ugonjwa wa wanaoanza tu. Marc Rochkind aliandika programu ya kwanza maarufu ya kutunza matoleo, SCCS, akiwa Bell Labs mwaka 1972. Hiyo ni maabara iliyojaa wahandisi wakubwa wa dunia, nao walikuwa wanapotezana matoleo.

Shilingi 3,000

Pro Git ina mifano mingi, na karibu yote ni ya mtu anayetengeneza tovuti au maktaba ya kodi akiwa na timu. Kwa anayeanza, swali la "kwa nini nitunze matoleo" halijibiwi na timu ambayo hana. Ngoja nitoe mfano wa huku. Namba ni za kubuni, hesabu ni ya kweli.

Mbozi ni kahawa. Tuseme kijana anaombwa na AMCOS ya kijijini kwao awaandikie kiprogramu cha kukokotoa malipo. Mkulima ameleta kilo 120, bei shilingi 5,000 kwa kilo, mauzo ni 600,000. Kuna ushuru wa asilimia 3 na kuna mkopo wa pembejeo wa shilingi 100,000. Kijana anaandika:

salio = (mauzo - mkopo) * 0.97

Mkulima anapata 485,000. Wiki inayofuata katibu anamwambia, hapana, ushuru unakatwa kwenye mauzo yote, mkopo unafuata baadaye. Kijana anarekebisha:

salio = mauzo * 0.97 - mkopo

Sasa inakuja 482,000. Tofauti ni shilingi 3,000. Kwa wakulima 200 wenye mkopo wa kiasi hicho hicho, ni 600,000. Halafu mwezi wa tatu anakuja mzee mmoja na karatasi yake: jirani yangu alileta kilo sawa na zangu, mkopo sawa, mbona yeye alipata zaidi?

Kijana aliyeandika juu ya faili lile lile hana jibu. Ana kodi ya leo tu, na kodi ya leo inasema 482,000. Mwenye mradi_mwisho_kweli anaweza kupata mstari wa zamani akibahatika, lakini hataweza kusema ulibadilika tarehe gani na kwa agizo gani. Mwenye Git anaandika git log -p malipo.py na kwenye skrini vinatokea tarehe, saa, jina la aliyebadilisha, mstari ulioondolewa ukiwa na alama ya kutoa na ulioingia ukiwa na alama ya kujumlisha:

-salio = (mauzo - mkopo) * 0.97
+salio = mauzo * 0.97 - mkopo

Na juu yake ujumbe aliouandika siku ile: "Kata ushuru kwenye mauzo yote kabla ya mkopo, kwa maelekezo ya katibu". Mzee anaonyeshwa. Pengine hatafurahi, lakini hataondoka akidhani kijana wa watu amekula hela yake.

Mtu akikwambia matoleo ya nyuma ni mambo ya makampuni makubwa, mpe hesabu hii. Kodi inayogusa pesa, dawa au kura ya mtu inahitaji kumbukumbu, hata kama imeandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa malipo ya soda. Jirani zetu Kenya walipotengeneza Ushahidi Januari 2008, kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi, walichagua neno la Kiswahili ambalo lingeweza kabisa kuwa jina la Git yenyewe. Kodi yake ni ya wazi, na historia ya mabadiliko yake anaweza kuisoma yeyote.

Mzani, ghala na stakabadhi

Sasa nisifie. Pro Git ni hodari kwenye kueleza Git inafikirije, na hapa sijaona kitabu kingine kinachoikaribia. Inasema mapema kwamba Git haitunzi orodha ya tofauti kati ya toleo na toleo. Kila ukihifadhi, inachukua picha ya mradi mzima ulivyo muda ule, na faili ambalo halikubadilika halinakiliwi upya, linaelekezwa tu kwenye nakala iliyopo. Ukilielewa hilo, nusu ya Git imekwisha.

Mahali ambapo kijana wangu anakwama ni hatua mbili: kwanza git add, halafu git commit. Kwa nini mara mbili? Si nimeshasevu? Kitabu kinaeleza hali tatu za faili kwa mchoro safi, lakini maneno yake ni ya mtu aliyekwisha elewa. Huku kwetu mfano upo tayari, na kila mkulima anaujua: stakabadhi ghalani.

Una magunia kumi nyumbani. Unayofanyia kazi, unayoyafungua na kuyafunga, hayo ni mafaili yako yaliyobadilika. Leo unataka kupeleka matatu tu. Unayapandisha juu ya mzani: hiyo ni git add. Ukiona moja lina unyevu unalishusha, bado hakuna kilichoandikwa. Ukiridhika, mzigo unaingia ghalani na unapewa stakabadhi: hiyo ni git commit, ambayo vijana wanaiita "kukomiti". Stakabadhi ina tarehe, jina na namba. Namba ya Git ina herufi na tarakimu 40, na haitungwi na karani; inakokotolewa kutoka kwenye mzigo wenyewe. Badilisha mkato mmoja ndani ya faili, namba inakuwa nyingine kabisa. Tena ndani ya kila stakabadhi mpya imo namba ya stakabadhi iliyotangulia, kwa hiyo mtu hawezi kwenda kimya kimya kubadilisha mzigo wa mwezi uliopita bila namba zote zilizofuata kuharibika.

Kwa nini uchague magunia? Kwa sababu jioni moja unaweza kuwa umerekebisha hesabu ya ushuru na pia umebadilisha rangi ya vitufe. Hayo ni mambo mawili, yapewe stakabadhi mbili. Siku ukitaka kuitengua rangi, hesabu ya ushuru ibaki.

Mfano unavunjika mahali pamoja: ghalani mzigo hutoka ukauzwa, ndani ya Git hautoki. Ukilikubali hilo, uliobaki unasimama. Na kwa bahati tu, Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya Tanzania ni ya mwaka 2005, na Git ilianza kuandikwa na Linus Torvalds Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyang'anywa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wakiitegemea. Hawakujuana, lakini wangeelewana.

Ndege na treni

Katika sura ile ile ya kwanza kuna kifungu kinachosema karibu kila kitu kwenye Git kinafanyika hapo hapo kwenye mashine yako. Historia yote ya mradi iko kwenye diski yako. Huhitaji seva kuangalia toleo la mwezi uliopita, huhitaji mtandao kukomiti. Ili kutuonyesha faida, kitabu kinasema: ukipanda ndege au treni ukataka kufanya kazi kidogo, unakomiti vizuri tu mpaka utakapopata mtandao.

Treni ya TAZARA inapita mkoani kwetu, kwa hiyo hapo angalau tumo. Lakini angalia kifungu kinamdhania msomaji wa namna gani: mtu ambaye kukosa mtandao ni ajali ya safari, saa mbili tatu, atatua na mambo yatarudi. Kwa msomaji wa Nanyala, kukosa mtandao ni Jumanne. Kifungu ambacho kwa Chacon na Straub ni faida mojawapo kati ya nyingi, kwetu ndicho sababu nzima ya kuichagua Git. Kilistahili kuwa ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Hata hivyo kimo, na yeyote anayekisoma atakikuta.

Ila watu hawakisomi, wanafundishwa. Desemba iliyopita nilikaa na vijana watatu hapa Nanyala, mmoja wa mwaka wa kwanza chuoni, wawili wanajifunza wenyewe kwa video. Nilipouliza kama wanatumia Git, mmoja alinijibu: "Dada, bando liliisha, hiyo Git nitaendelea nayo mwezi ujao." Kwake Git na GitHub ni kitu kimoja, na vyote viwili vinakula MB. Wenzake wakatikisa kichwa, ndiyo hivyo. Hawajakosea kusikia, ndivyo walivyofundishwa. Somo la kawaida linaanza hivi: fungua akaunti GitHub, thibitisha barua pepe, tengeneza ghala kule mtandaoni, lishushe, andika mstari mmoja, lipandishe. Mwanafunzi ametumia saa nzima na bando lote kabla hajahifadhi toleo hata moja la kazi yake mwenyewe.

Ni kama kumfundisha mtu kuandika daftari la matumizi kwa kumpeleka kwanza benki. GitHub ni kampuni. Ilianza 2008, Microsoft ikainunua 2018. Inafanya kazi nzuri ya kuwakutanisha watu. Lakini ni mahali pa kupeleka historia uliyokwisha kuitunza, haiitunzi kwa niaba yako. Pro Git inalijua hili: GitHub imewekwa sura ya 6, baada ya misingi, baada ya matawi, baada ya seva. Mpangilio wa kitabu ni sahihi kuliko mpangilio wa madarasa yetu.

Na mlango huu wa GitHub una bawaba mbovu. Tangu Agosti 13, 2021 GitHub haikubali tena neno la siri la akaunti unapopandisha kodi kutoka kwenye Git. Unahitaji tokeni au ufunguo wa SSH. Video za kabla ya hapo bado zinazunguka, nyingi zimehifadhiwa kwenye simu na kurushiana. Kijana anafuata hatua moja moja, anaandika neno la siri sahihi kabisa, anakataliwa. Anadhani yeye ndiye mbovu. Amri tatu ambazo zingemfaa siku ile hazikuhitaji ruhusa ya mtu:

git init
git add malipo.py
git commit -m "Anza hesabu ya malipo"

Basi. Kuanzia hapo matoleo yanatunzwa, umeme uwepo usiwepo, bando liwepo lisiwepo. Mara ya kwanza Git itakataa na kudai jina na barua pepe. Uipe kwa git config, haitaenda kuzihakiki popote. Na usisahau -m pamoja na ujumbe wake, la sivyo utajikuta ndani ya kihariri cha Vim ambacho kimewafungia watu wengi kuliko lokapu (unatoka kwa kubonyeza Esc, halafu :q! na Enter).

Kitabu cha matoleo kisichojulikana ni toleo gani

Hili linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Pro Git yenyewe inaandikwa ndani ya Git. Maandishi yake yako wazi, wasomaji hutuma masahihisho, na nakala ya mtandaoni huendelea kusasishwa. Huku kwetu lakini kitabu hakiji kutoka kwenye tovuti yake, kinakuja kwa flashi. Kimepita kwa watu sita, jina la faili ni progit_new.pdf, na hakuna anayejua ni cha lini. Mradi_mwisho_kweli umekipata hata kitabu kinachoukemea.

Na si suala la uzuri tu. Kwa miaka mingi amri moja, git checkout, ilibeba kazi mbili zisizofanana: kukuhamisha kutoka tawi moja kwenda jingine, na kulifutilia mbali badiliko ulilofanya kwenye faili. Mtu anayeanza alikuwa anaweza kutaka la kwanza akafanya la pili. Agosti 2019, kwenye toleo 2.23, Git ikaongeza git switch kwa ajili ya matawi na git restore kwa ajili ya mafaili. Nakala mpya ya Pro Git ina kifungu cha git restore. Nakala ya kwenye flashi pengine haina. Kwa hiyo ukiipokea, tafuta neno restore ndani yake kabla hujaanza kusoma. Usipolikuta, omba mwenye bando akushushie mpya.

Kwa faida yako, hii ndiyo namna ya kulirudisha faili lilivyokuwa zamani: git log --oneline ikuonyeshe stakabadhi zako kwa namba fupi, halafu git restore --source=namba malipo.py, ukiweka ile namba. Angalizo ambalo kitabu kinalitoa vizuri: git restore inaandika juu ya ulichokuwa nacho. Kama kazi ya leo hujaikomiti, ikomiti kwanza, ndipo urudi nyuma. Git inalinda kilichoingia ghalani, kilichobaki uani ni juu yako.

"update", "update", "update"

Sura ya 5 ya kitabu ina ushauri wa kuandika ujumbe wa kila komiti: mstari wa kwanza mfupi, herufi zisizozidi kama 50, kwa sauti ya kuamrisha, halafu maelezo ukiyahitaji. Ni ushauri bora. Sema umewekwa mbali, kwenye sura ya kufanya kazi na watu wengine, kana kwamba aliye peke yake hahitaji kujieleza. Anajihitaji yeye mwenyewe wa mwezi ujao, ambaye atakuwa amesahau kila kitu.

Ukiangalia historia za wanafunzi wetu utaona "first commit", halafu "update" mara kumi na saba. Nadhani sababu kubwa ni lugha. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili, analazimika kueleza kwa Kiingereza kwa nini alihamisha mkopo upande wa pili wa alama ya kutoa; anaona tabu, anaandika "update". Hakuna kinacholazimisha. Git inapokea ujumbe kwa lugha yoyote. Na sauti ya kuamrisha ambayo kitabu kinahangaika kuieleza kwa Kiingereza, kwetu ni kitenzi cha kawaida tu: Ongeza, Kata, Rekebisha, Ondoa, Rudisha.

Tena sisi tuna mila ya maandishi inayofanana na hii hasa. Chukua muswada wowote wa marekebisho ya sheria uliopelekwa Bungeni Dodoma. Hauandiki sheria nzima upya. Unasema kifungu fulani kinarekebishwa kwa kufuta maneno haya na badala yake kuweka maneno yale. Hiyo ndiyo git diff, neno kwa neno: toa hiki, weka hiki. Na mwishoni muswada huambatana na madhumuni na sababu. Mtu anayeweza kusoma muswada anaweza kusoma historia ya kodi, na mwanafunzi wa sheria pale Mbeya angemwelewa mwenzake wa kompyuta haraka kuliko wote wawili wanavyodhani.

Bando la bure

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu na kitabu kimeliacha karibu na mwisho, sura ya 7, katikati ya vifaa vya hali ya juu ambavyo anayeanza hafiki. Kuna amri inaitwa git bundle. Ndiyo, bando. Inafunga historia yote ya mradi, kila toleo na kila ujumbe, ndani ya faili moja:

git bundle create malipo.bundle --all

Faili hilo unaliweka kwenye flashi, unalituma kwa Bluetooth, unampa kondakta wa kosta inayokwenda Mbeya akampe mdogo wako pale MUST. Yeye anaandika git clone malipo.bundle malipo na anapata kila kitu, pamoja na ule mstari wa 485,000 na tarehe yake. Hakuna vocha iliyokwanguliwa.

Bila hii, sifa zote nilizotoa zina tundu kubwa. Git iliyoko kwenye laptopu yako haikulindi laptopu ikiibiwa au diski ikifa. Historia inakufa nayo. Hapo ndipo watetezi wa GitHub wana hoja ya kweli: nakala iliyoko mbali. Ila nakala ya mbali inaweza kuwa flashi kwenye kabati la shangazi, ikisasishwa kila Jumamosi. Asiye na laptopu kabisa naye hajaachwa. Kwenye simu ya Android unaweza kuweka Termux na ndani yake Git, na amri ni zile zile.

Mawili ya haraka ambayo yangewafaa wanaoanza. Git inaonyesha tofauti za maandishi matupu. Kwa faili la Word au picha inatunza matoleo lakini kwa kawaida haikuonyeshi mstari upi ulibadilika, kwa hiyo mwenye ripoti ya utafiti ya Word asitegemee miujiza. Na usikomiti neno la siri au ufunguo wa huduma ya malipo. Ukilifuta kesho, linabaki kwenye toleo la jana, na ukishalipandisha mahali pa wazi dawa ni kuubadilisha ufunguo wenyewe.

Kama ningepewa nafasi ya kufundisha Pro Git kesho hapa Nanyala, ningebeba nakala mpya kwenye flashi pamoja na kisakinishi cha Git, nizime data kwenye simu za wote mbele yao, nianze na kifungu cha ndege na treni, niruke moja kwa moja sura ya 2, kisha nichomoe zile kurasa chache za bando kutoka sura ya 7 nizilete wiki ya kwanza. Ushauri wa kuandika ujumbe ungetoka sura ya 5 uje siku ile ile ya komiti ya kwanza, kwa Kiswahili. Sura ya 6 ingesubiri mpaka mmoja wao apate mwenzake wa Vwawa au Dar wa kuandika naye programu moja, aje aniulize tunafanyaje.